Magongo yasiwe ya vikombe tu

Kila muhula wa kwanza unapoanza, katika viwanja vya baadhi ya shule zetu za upili husikika mlio wa gongo likigonga mpira mgumu. Huwa ni majira ya mpira wa magongo. Baada ya wiki chache bingwa hujulikana, kombe hukabidhiwa mwalimu mkuu, picha hupigwa, na magongo hufungiwa stoo hadi mwaka unaofuata. Hapo ndipo tunapokosea, kwani faida kubwa ya mchezo huu kwa kijana haimo katika kombe.

Mpira wa magongo ni mchezo mgumu kwa anayeanza. Mchezaji huruhusiwa kuupiga mpira kwa upande bapa wa gongo pekee, na mguu wake haupaswi kuugusa. Idhini hiyo anayo kipa tu. Hata mpigaji awe na nguvu kiasi gani, bao lake halihesabiwi asipoupiga mpira akiwa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango. Maadamu viwanja vyetu vingi ni vya nyasi na mabonde, mpira hurukaruka na kumpita mtoto mara nyingi kabla hajajua kuutuliza. Siku anapofaulu, huwa amejifunza kwamba kukosa leo si kushindwa daima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mchezo huu pia huadhibu hasira papo hapo. Anayeonyeshwa kadi ya kijani hutoka uwanjani kwa dakika 2, na mwenye kadi ya manjano hukaa nje kwa muda usiopungua dakika 5. Hakuna anayeingia mahali pake. Kijana anayewatazama wenzake 10 wakihangaika kwa sababu ya ulimi wake mwenyewe hahitaji hotuba ndefu kuhusu nidhamu.

Hata hivyo, gongo halimlei mtoto. Anayemlea ni mtu mzima aliyesimama kando ya uwanja. Mvulana anayekosa penalti katika mechi muhimu, kisha akatukanwa na kocha mbele ya wenzake, hujifunza kuogopa. Mwenzake aliyekosa vivyo hivyo, akaelekezwa kosa lake na kupangwa tena katika mechi inayofuata, hujifunza kuinuka. Mchezo ni ule ule, lakini watoto hawa wawili watakuwa watu tofauti. Ndiyo maana twasikitika kuona shule zikiwategemea wachezaji wale wale 11 kila mwaka, ilhali wanaochipukia hubaki wabebaji wa maji na mikoba.

Historia yetu wenyewe yapaswa kutuzindua. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza lililochezwa Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne. Mchezaji wetu mashuhuri, Avtar Singh Sohal, alishiriki katika Olimpiki 4, kuanzia 1960 hadi 1972. Kikosi cha enzi hizo, ambacho wengi wake walikuwa Wakenya wenye asili ya Kiasia, hakikuzuka kambini usiku mmoja. Kilitokana na vijana walioshika magongo shuleni na vilabuni tangu utotoni. Tangu Olimpiki ya 1976 michuano mikubwa ilihamia kwenye nyasi bandia, ambazo shule zetu nyingi hazina. Timu yetu ya wanaume ilishiriki Olimpiki mara ya mwisho mwaka 1988 mjini Seoul.

Wapo watakaosema kwamba vifaa ni ghali na kwamba michezo hula wakati wa masomo. Gharama ipo, hatukatai. Lakini magongo 20 yaweza kutumiwa kwa zamu na madarasa kadhaa kwa miaka, iwapo hayatafungiwa stoo. Kuhusu masomo, mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya mikondo 3 ya shule za sekondari ya juu. Mkondo usio na uwanja wala vifaa utabaki kuwa maandishi matupu, na mwanafunzi aliyeuchagua atakuwa amehadaiwa.

Kwa hivyo, twawahimiza walimu wakuu waanzishe timu ya pili na ya tatu, na waruhusu mazoezi yaendelee katika mihula yote. Serikali za kaunti nazo zitenge angalau uwanja mmoja ambapo wanaomaliza shule wataendelea kucheza, kwani wengi huyaweka magongo chini siku wanapofanya mtihani wa mwisho. Wazazi nao, mtoto anaporejea nyumbani baada ya mechi, wasiwe na swali moja tu la nani ameshinda. Wamuulize amejifunza nini.

Samaki mkunje angali mbichi. Si kila mtoto atakayevaa jezi ya taifa, lakini kila mmoja atakumbana na siku ya kushindwa maishani. Ni heri akutane nayo kwanza uwanjani, mbele ya mwalimu atakayempa nafasi ya kujaribu tena.