Kilti Nayo Inahitaji Mifuko

KITAMBAA NA MSHONO
Na Mwanaisha Kombo

Kilti ya Kiskoti, lile vazi la kiume la marinda linalofungwa kiunoni, ikishonwa kwa mkono hula kama yadi 8 za sufu nzito, na bado haina mfuko wa kutia funguo. Vitu vyote huingia kwenye sporani, kile kimkoba cha ngozi kinachoning'inia mbele kwa mnyororo.

Wapo wanaoshikilia kwamba ukitia mfuko umeiharibu mila. Historia haiwaungi mkono: huenda kilti yenyewe ilizaliwa kwa kubadilishwa ili ifae kazi. Simulizi iliyoandikwa karne ya 18 inamtaja Thomas Rawlinson, Mwingereza mwenye tanuri la chuma huko Glengarry miaka ya 1720, kuwa ndiye aliyewapunguzia vibarua wake lile vazi refu la kujitanda mwili mzima, wakabaki na nusu ya chini ili wafanye kazi kwa wepesi.

Sufu yenyewe iliumbuka kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Marinda yalifyonza maji na tope hadi vazi likawa zigo, pindo lililoganda kwa baridi likawachana askari nyuma ya magoti, na chawa wakafanya makao ndani ya mikunjo.

Baadaye wapo waliogeukia vitambaa vingine. Huko Edinburgh, Howie Nicholsby, aliyezaliwa katika familia ya mafundi wa kilti, alianza mwaka 1996 kuzishona kwa dangirizi na ngozi. Mwaka 2000 ikazaliwa kampuni ya Utilikilts mjini Seattle, Marekani, na kilti zake za pamba ngumu, vifungo vya kubana na mifuko mipana ubavuni.

Kazi ni kujua mfuko ukae wapi. Ukiushona juu ya rinda, simu moja inatosha kulivuta lifunuke, na kila hatua mzigo unagonga paja. Fundi hodari huuning'iniza kwenye ukanda wa kiuno, ubavuni, pale kipande bapa cha mbele kinapokutana na marinda. Nyonga ndiyo inayobeba uzito. Pembe za mdomo wa mfuko huraruka kwanza, basi cherehani irudie papo hapo mara kadhaa, au zipigiliwe ribiti kama za jinzi. Kifuniko nacho ni lazima, maana mvaaji akiketi sarafu humwagika. Mwanamume wa Pwani anayefutika noti kwenye kikoi anaijua adha hiyo.

Kasoro ya kilti nyingi za bei rahisi ni mifuko kubandikwa mwishoni, marinda yakiwa yamekwisha pigwa pasi. Afadhali ikatwe pamoja na ukanda tangu mwanzo, hata bei ikipanda.