Busu la Kwenye Paji la Uso

Somo: Kutoka 20:16, 1 Samweli 20:41

Ukipita kibanda umiza hapa Katumba Songwe unaweza kukuta vijana wakibishana juu ya Ayo, askari wa kike katika filamu ya Wakanda Forever ya mwaka 2022. Anayemwigiza ni Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Ayo anambusu mwenzake Aneka kwenye paji la uso. Mmoja anasema ni mapenzi, mwingine anasema ni udada.

Tuseme kweli. Katika vitabu vya katuni vya Marvel, tangu 2016, hao wawili ni wapenzi, waziwazi. Filamu imebakiza busu. Kanisa lina fundisho lake juu ya ndoa, wala siligusi leo.

Lakini ubishi hauishii kwenye televisheni. Nimeusikia ukihamia kwa mabinti wawili waliotoka shambani wameshikana mikono. Hao hakuna kitabu kinachowaeleza. Wana majina yao tu, na jina likichafuliwa, maji yote ya Mto Songwe hayalitakasi.

Daudi na Yonathani walibusiana, wakalia pamoja. Uliposoma hukuwashuku. Mbona binti wa jirani unamshuku? Na hata ungekuwa na hakika, jirani tumeagizwa kumpenda, si kumzomea.

Wiki hii, kabla ya kusema "nimeona", jiulize: nimeona nini hasa? Mengine yote umeyaongeza wewe, na utayatolea hesabu.