Gemu Haitengenezwi na Mtu Mmoja
Nimewatazama wanachuo wa Tabata Kimanga wakitengeneza gemu ya daladala, nami natamani kila shule ingefundisha hivi. Mmoja anachora, mwingine anaandika programu, wa tatu anarekodi honi na sauti ya konda. Injini ya gemu wanayotumia, Godot, ni ya bure na msimbo wake chanzo uko wazi tangu 2014, kwa hiyo hawahitaji mtaji mkubwa, wanahitaji kuelewana. Jioni moja mchoraji alibadilisha jina la faili bila kusema, na daladala ikatoweka kwenye skrini. Badala ya kulaumiana, wakawekeana utaratibu: anayegusa faili aandike amegusa nini, wenzake wasome kabla ya kuendelea. Hapo ndipo ufundi ulipo. Hata Mkenya Wesley Kirinya, aliyejulikana kwa gemu ya Nyangi, aliungana na Eyram Tawia wa Ghana mwaka 2009 kuanzisha kampuni ya gemu ya Leti Arts. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini shule zetu humpima mwanafunzi akiwa peke yake, na kuulizana huitwa kuibia. Walimu wa kompyuta, wapeni vijana kazi za kundi, na mtoe alama pia kwa namna walivyosaidiana.