Acheni Kumsingizia Mtoto, Tatizo ni Tundu la PS2

Najua niliahidi bandiko la maandalizi ya mitihani, lakini leo nina hasira, ngoja niitoe kwanza.

Jana nilikwenda Msimbati kumsalimia bibi. Mdogo wangu ana kibanda cha gemu pale: PS2 mbili nyembamba na tivi mbili, vyote kwa hela ya korosho. Nafika tu, namkuta mtoto wa darasa la tano analia mlangoni. Kalipa mia tano, gemu limeganda hata hajachangamka, akaambiwa kabonyeza pedi kwa fujo, kalikwamisha mwenyewe. Hela hairudi. Toka nje!

Nikamuuliza bwana mdogo, kwani ndiyo mara ya kwanza? Akajibu: "Hapana kaka, linaganda kila siku. Fundi wa mjini alisema flashi yangu ndogo, nikanunua ya GB 128, na bado."

Jamani! Sasa kama linaganda kila siku, fujo ya huyu mtoto imetoka wapi?

Naongea na wenye vibanda wote, kuanzia Msimbati mpaka Mikindani, na hasa nyie mafundi mnaochakachua PS2 na kuuza flashi kama dawa ya kila ugonjwa. Ukubwa wa flashi hauna uhusiano na kuganda. Tatizo ni tundu unapoichomeka.

PS2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000. Matundu yake ya USB ni ya toleo la 1.1, ambalo mwisho wake kwenye karatasi ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti 1.5. Kazini hupati hata hizo, unapata kama megabaiti 1 hivi. Kisomeo chake cha DVD kinafikisha zaidi ya megabaiti 5 kwa sekunde. Waliotengeneza magemu walipiga hesabu zao kwa DVD, si kwa flashi. Ni sawa na pipa lenye bomba jembamba kama mrija wa peni. Ukiondoa pipa ukaweka simtanki, maji yatatoka yaleyale.

Najua mtaniuliza, mbona gemu la mpira linacheza poa? Kwa sababu linapakia uwanja na wachezaji kwanza, linaviweka kwenye memori ya mashine, ambayo ni megabaiti 32 tu, halafu mnacheza. Mtangazaji ndiye anayekatikakatika. Lakini weka San Andreas: unavyoendesha gari, mashine inasoma mtaa mpya kila sekunde, na muziki juu yake. Bomba linazidiwa. Video za hadithi nazo zinakwenda kwa kwikwi.

Halafu kuna ule udanganyifu tunaoifanyia mashine. Gemu linaamini linasoma DVD, kumbe programu kama Open PS2 Loader imekaa katikati inalielekeza kwenye flashi. Na programu hiyo inajibana kwenye kichakato kidogo kinachosimamia matundu, chenye memori ya megabaiti 2, ambayo gemu nalo linaitaka. Magemu mengine yanakubali, mengine yanagoma mpaka ubadilishe mipangilio, mengine hayakubali kabisa.

La tatu ni mpangilio wa flashi yenyewe. Gemu linatakiwa likae mahali pamoja, mfululizo. Ukifuta moja leo, ukaongeza jingine kesho, faili jipya linatawanywa kwenye mapengo, na programu inaweza kukataa kulifungua. Pia mfumo wa FAT32 haubebi faili la kuanzia GB 4, hivyo gemu kama God of War II, lililotoka kwenye DVD ya tabaka mbili, lazima likatwe vipande. Kipande kimoja kikikosekana, imekula kwako.

Wengine wanasingizia umeme. Haya, umeme ukikatika tivi nayo si inazima? Picha imeganda kwenye tivi inayowaka, unailaumuje TANESCO?

Kwa nini nakazania jambo la vibanda? Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilimfokea mwanafunzi mbele ya darasa kwa kutonakili notisi. Kumbe haoni ubao. Sijasahau uso wake. Jana niliuona uso uleule pale mlangoni. Mia tano kwa mtoto wa mvuvi si hela ndogo, na kuambiwa umeharibu kitu ambacho hukuharibu kunauma kuliko hiyo mia tano.

Sasa fanyeni hivi. Gemu likiganda, mrudishie mtoto hela au zamu yake. Futa flashi yote, kisha nakili magemu upya, moja baada ya jingine, bila kufuta katikati. Magemu yanayoganda kila siku yaondoe kwenye orodha, usiyauze. Kama lenzi bado hai, magemu mazito cheza kwa DVD. Kama PS2 yako ni nyembamba yenye tundu la waya wa mtandao, liunganishe na kompyuta ya zamani, kwani tundu hilo ni la megabiti 100, si 12. Wenye zile nene zenye nafasi ya hadidiski ndani, hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote.

Na wewe fundi, mwambie mteja ukweli kabla hujapokea hela yake. Sony ilisimamisha utengenezaji wa PS2 mapema 2013. Mashine hizi ni za kutunzwa, na wanaozitunza ni vijana wanaohesabu kilo za korosho. Kumuuzia simtanki mtu mwenye bomba la peni ni wizi tu, hata ukimpa risiti.

Yule mtoto nilimrudishia mia tano kutoka mfukoni mwangu. Bwana mdogo kaninunia, simu hapokei. Atasoma hapa.

Nawasilisha. Ngoja niwahi foleni ya maji hosteli.