Lami na "Mtu Wetu"

Hapa Mweiga, kando ya barabara itokayo Nyeri kwenda Nyahururu, neno moja husikika kila uchaguzi unapokaribia, sokoni na hata uani mwa kanisa: tumpate mtu wetu Ikulu, ndipo tutapata lami. Wengi wanaolisema ni watu waliopigania vyama vingi, au watoto wao. Ndiyo maana linaniuma.

Mwaka 2015 wachumi watano, Robin Burgess na wenzake, walichapisha katika jarida la American Economic Review utafiti juu ya barabara za Kenya tangu 1963 hadi 2011. Walipima wilaya kwa wilaya, wakakuta kwamba zile za kabila la Rais zilitengewa fedha za barabara maradufu, na lami iliyojengwa humo ilikuwa ndefu mara 5 kuliko kwingineko. Upendeleo huo ulitoweka katika miaka ya vyama vingi.

Mimi ni wakili, si mchumi, lakini ushahidi naujua nikiuona. Kenyatta alitawala kabla na baada ya chama cha upinzani kupigwa marufuku mwaka 1969. Moi alitawala kabla na baada ya kifungu cha 2A kufutwa Desemba 1991. Mtu ni yule yule, ugawaji ukabadilika. Basi mshtakiwa hapa si kabila wala tabia ya mtu. Ni mamlaka yasiyo na wa kuyahoji.

Nasi wa Mlimani tusijitoe kizimbani. Zama za Moi tulilia kwamba keki ya taifa inaliwa na wachache, na kilio kilikuwa cha haki. Lakini katika miaka ya 1970 mizani ilielemea upande wetu, na kilio kama hicho sijakisikia kikisimuliwa. Daudi naye aliwaka hasira juu ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake, asijue kwamba Nathani anamsimulia habari zake mwenyewe.

Badala ya kumngoja mtu wetu, kamati za haki na amani za parokia ziombe orodha ya barabara na fedha zilizotengwa, za eneo bunge letu na za wenzetu pia. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki hiyo, na sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya serikali ijibu ndani ya siku 21. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili.