Nani Kasema Dada Yangu ni Mgumba?

Dada yangu alirudi kutoka kliniki moja ya hapa Bujumbura akiwa na karatasi ya ekografia mkononi na neno moja kichwani: vivimbe. Aliambiwa ovari zake zimejaa vivimbe, basi, aingie mgonjwa mwingine. Ana miaka 27, ameolewa miaka mitatu, hajashika mimba. Usiku ule hakulala, alidhani ni saratani. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imeenea mtaani kwetu Buyenzi, na mawifi zake wakawa wamepata neno lao: mgumba.

Nasema maneno yote mawili ni ya uongo, na sisi tunaosomea Kiswahili tuna sehemu yetu katika uongo huo.

Hali aliyonayo dada yangu madaktari huiita kwa kifupi PCOS. Vile viduara vyeusi vilivyoonekana kwenye picha si uvimbe hata kidogo. Ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikasita njiani kwa sababu homoni hazikwenda sawa: mara nyingi androjeni imezidi, na insulini nayo haifanyi kazi yake ipasavyo. Hakuna saratani pale, wala uvimbe wa kukata. Hata jina la Kiingereza limewasumbua wenyewe. Mwaka 2012 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza libadilishwe kwa kuwa linapotosha. Sisi tukalichukua kosa lao, tukalitafsiri, tukamkabidhi mgonjwa.

Mgumba, na tasa pia, ni maneno ya hukumu. Yanasema mtu alivyo, hayasemi kinachomsumbua. Kirundi nacho kina ingumba, kwa hiyo kwetu mwanamke hutukanwa kwa lugha mbili. Lakini kwa mwenye PCOS yai kwa kawaida lipo, ila halipevuki kila mwezi. Huenda ikapita miezi miwili au mitatu ndipo litoke, naye hajui siku. Tatizo ni la majira, na lina tiba. Miongozo ya kimataifa ya 2018 na 2023 inaitaja letrozoli, vidonge vinavyomezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko chini ya uangalizi wa daktari, kuwa dawa ya kwanza ya kulisaidia yai kupevuka. Si kila mmoja hufanikiwa, lakini wengi huzaa. Na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wanawake wenye hali hii duniani hawajui kuwa wanayo. Wangapi kati yao wanaitwa wagumba na mawifi?

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa darasani: lugha huifuata jamii, na mwanaisimu si mganga. Sawa. Lakini kompyuta ilipokuja hatukuingoja jamii. Tulikaa vikao, tukagombana juu ya tarakilishi na ngamizi, tukatunga rununu, tukatunga kishikwambi. Simu imepata majina matatu. Mwanamke anayetafuta mtoto hajapata hata moja ambalo anaweza kulitamka mbele ya mama mkwe wake bila kujidhalilisha.

Mimi napendekeza "ukawiaji wa yai". Yai linakawia, halijafa. Dada yangu amelijaribu nyumbani, na shangazi yetu aliyekuwa akimchemshia mizizi alilielewa papo hapo, bila picha wala mhadhara. Wahadhiri wakiona ni baya, walete lililo bora. Nitalipokea kwa mikono miwili.

Daktari wa pili amekubali kumwandikia vidonge, ila anataka kwanza mume naye apimwe mbegu. Shemeji hajaenda mpaka leo. Anasema yeye hana vivimbe.