Zimamoto wajue kilichomo ndani ya behewa

Usiku wa kuamkia Julai 6, 2013, zimamoto wa Nantes, jimbo la Quebec nchini Canada, waliitwa kwenye treni iliyoachwa bila mtu huku injini yake ikiwaka moto. Waliuzima moto, injini nayo ikazimwa kama utaratibu wao unavyotaka. Mfanyakazi wa reli aliyetumwa kukutana nao alikuwa mtu wa njia, si wa injini. Ila injini ile ndiyo iliyokuwa ikijaza upepo wa breki. Walipoondoka, upepo uliendelea kuvuja, na breki za mkono zilizofungwa zilikuwa chache. Mabehewa 72 ya mafuta ghafi yakaporomoka hadi Lac-Mégantic. Watu 47 walikufa.

Nimekuwa zimamoto kwa miaka mingi na kisa hiki kinaniuma kuliko vyote. Wenzetu wale waliifanya kazi yao kikamilifu. Hawakuwa na wa kuwaeleza ni nini kilichoishikilia treni ile mlimani. Hata karatasi za mzigo, uchunguzi ulibaini, ziliyataja mafuta yale kuwa na hatari ndogo kuliko ilivyokuwa kweli.

Karibu miaka kumi baadaye, Februari 2023, beringi ya gurudumu la treni ya mizigo ilipata moto kupita kiasi na mabehewa 38 yakaacha reli East Palestine, Ohio. Orodha ya mzigo ilichelewa kuwafikia waokoaji. Siku tatu baadaye mkuu wa zimamoto alipewa dakika chache aamue kama kemikali iliyokuwa kwenye matangi matano ichomwe makusudi. Alikubali. Wachunguzi wa Marekani walisema baadaye kwamba haikuwa lazima, na kwamba maoni tofauti ya watengenezaji wa kemikali hiyo hayakumfikia. Ndipo mwaka 2024 Marekani ikazilazimisha kampuni za reli kuwapa waokoaji orodha hiyo mara zinapojua kuna ajali.

Sisi Tanzania tunasubiri nini? Mafuta na salfa hutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, kwa barabara na kwa reli ya TAZARA. Naunga mkono mzigo huo uhamie relini. Lori la mafuta lililopinduka Morogoro Agosti 2019 liliua zaidi ya watu 100. Lakini reli nayo huua. Novemba 2017, treni ya mafuta ilianguka na kuungua Lubudi, Kongo, ikaua watu wasiopungua 33, wengi wao wakiwa wamedandia.

Kibao cha rangi ya chungwa chenye 33 juu na 1203 chini maana yake ni petroli. Kila mkuu wa stesheni anapaswa kukijua, na mwenyekiti wa kijiji kinachopitiwa na reli pia. Na kabla treni haijaondoka, orodha ya mabehewa yake ivifikie vituo vya zimamoto vilivyo njiani. Petroli inayowaka ukiimwagia maji huelea na kusambaa, hivyo tunahitaji povu. Salfa ikiungua hutoa gesi inayochoma mapafu, hivyo tunahitaji mitungi ya hewa. Tuambiwe ni ipi kabla gari letu halijatoka kituoni.